Nyumbani anajisimamia, darasani anasubiri kuambiwa

Walimu ninaofanya nao kazi hapa Moshi hulalamika kwamba watoto hawajitumi: mpaka waambiwe fungua daftari, mpaka waambiwe rudia. Mimi ni mwanasaikolojia wa elimu, na lalamiko hilo hunipa shida kulikubali, maana watoto haohao nawaona makwao.

Chukua binti wa darasa la tano kule Kibosho, ambaye ng'ombe wa zizini ni jukumu lake. Akitoka shule, kwanza anatazama hori. Majani ya asubuhi yakiwa yamebaki, leo atakata mzigo mdogo na maji ndiyo yatatangulia. Mvua ikiwa imenyesha, anayaacha majani yanyauke kidogo, ng'ombe asije akavimba tumbo. Maziwa yakipungua, anatafuta mwenyewe alipokosea. Mama yuko sokoni wakati wote huo.

Barry Zimmerman, Mmarekani ambaye nadharia yake inatumika sana katika fani yetu, aligawa kujisimamia katika kujifunza kwa awamu tatu: kupanga kabla ya kazi, kujifuatilia ukiwa kazini, kisha kujitathmini. Binti huyu anazo zote. Alimtazama dada yake, akasaidia kidogokidogo, mwisho akaachiwa. Barbara Rogoff, mwanasaikolojia wa Marekani, ameeleza njia kama hiyo kwa Wamaya, wenyeji wa Guatemala huko Amerika ya Kati, ambako watoto hujifunza kwa kutazama kwa makini na kushiriki kazi za familia.

Darasani, mpango ni wa mwalimu, muda ni wa kengele, na kosa linaonyeshwa na kalamu nyekundu. Kilichobaki kwa mtoto ni kutii, na kutii anakujua vizuri.

Jambo linaloniuma zaidi ni kuomba msaada. Wataalamu wanakuhesabu kuwa mkakati mmojawapo wa mwanafunzi anayejisimamia. Lakini mtoto wetu amelelewa asimkatize mtu mzima kwa maswali. Akikwama humuuliza kaka, dada, au jirani wa dawati. Nyumbani huo ni ustaarabu. Darasani unaitwa kupiga chabo, na anaadhibiwa kwa kufanya alichofunzwa.

Sisemi malezi yetu yametimiza kila kitu. Bettina Lamm na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti juu ya watoto wa miaka minne walioachwa na kitafunwa kimoja, wakiahidiwa cha pili wakivumilia. Watoto wa Wanso wa Kamerun karibu asilimia 70 walisubiri. Wa Kijerumani, asilimia 28. Mama wa Kinso hutarajia mtoto atawale hisia zake na kuheshimu wakubwa. Mama wa Kijerumani hufuata zaidi matakwa ya mtoto. Nikisoma matokeo hayo nawaona watoto wa hapa, na nafurahi. Ila kuvumilia ni sehemu moja tu. Kulitilia shaka jibu, au kusema “sijaelewa” mbele ya mkubwa, hatujawapa nafasi ya kutosha, na hapo wazazi tunahusika.

Kisha kuna lugha. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, alionyesha kwamba mtoto huongoza kazi yake kwa kujisemesha, na maneno hayo huyapata kwanza kwa kuzungumza na wengine. Aliyejisemesha kwa Kichaga na Kiswahili miaka yote anafika kidato cha kwanza, masomo karibu yote ni Kiingereza. Msimwambie aache kufikiri kwa lugha anazozijua. Apange kwa Kiswahili, kisha aandike kwa Kiingereza.

Kwa walimu ninaomba mambo ambayo hayadai fedha. Kabla ya zoezi, muulize mtoto: “Utaanza na lipi, na kwa nini?” Waache wajadiliane wawili wawili kabla ya kunyoosha mikono. Daftari lisikufikie kabla mwenyewe hajaweka alama pale anapohisi amekosea, na alama hiyo isimletee adhabu. Nanyi wazazi wa mjini mliojaza Jumamosi nzima kwa tuisheni, mwachieni mtoto kazi moja aisimamie mwanzo hadi mwisho, hata kama ni bustani ya mchicha, na mkiona ameanza kuikosea, subirini kwanza aione mwenyewe.