Je, wajua kwa nini maji ya digrii 350 hayageuki mvuke chini ya bahari?

Ukienda Sempaya, kule Bundibugyo, Uganda, beba mayai. Utayatia kwenye chemchemi ya moto na baada ya dakika kama 10 unamenya yai lililoiva hadi kiini. Wengine huchemsha matoke. Maji yale yanatokota karibu na digrii 100, na huku juu hayawezi kupanda zaidi ya hapo: yakizidishiwa moto yanakuwa mvuke, yanakwenda zake.

Sasa sikia haya. Mwaka 1979, watafiti walishuka kwa nyambizi ndogo iitwayo Alvin hadi sakafu ya Bahari ya Pasifiki, upande wa Meksiko, zaidi ya kilomita 2 unusu chini. Wakakuta mabomba ya mawe yanatema maji meusi kama moshi wa lori bovu. Walipoingiza kipimajoto, plastiki yake ikaanza kuyeyuka. Kilipotafutwa kifaa kigumu zaidi, kikasoma karibu digrii 350. Na bado yalikuwa maji.

Muulize mpishi wa Kabale. Kule milimani maharage yanakaa motoni muda mrefu kuliko Mombasa, kwa sababu hewa nyepesi inayakandamiza maji kidogo tu, nayo yanachemka kwenye digrii 93 hivi. Yataruka sufuriani upendavyo, lakini maharage hayaivi kwa kurukaruka, yanaiva kwa joto. Mwenye sufuria ya presha amelitatua hilo: mvuke uliofungiwa unayabana maji mpaka yafike digrii kama 120.

Bahari nayo ni sufuria ya presha, ila kifuniko chake ni maji yenyewe. Kwenye kina kile, kila eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho limeelemewa na kilo 250 hivi. Yaani mifuko 5 ya saruji juu ya ukucha mmoja! Maji yaliyobanwa namna hiyo hayapati nafasi ya kutanuka yawe mvuke.

Ule weusi si moshi. Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa, yakakaribia mwamba ulioyeyuka, yakayeyusha na kubeba humo chuma, shaba, zinki na salfa. Yakipanda na kukutana na maji baridi ya digrii 2, madini hayo huganda papo hapo kuwa vumbi jeusi, na mengine hujijenga kuwa bomba.

Chemchemi za kina kirefu zilionekana kwanza mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, na wanajiolojia ambao hawakuwa na mtaalamu wa viumbe hata mmoja. Waliponasa wanyama wa ajabu ilibidi wawahifadhi baadhi yao kwa vodka. Kulikuwa na minyoo ambayo hufikia urefu wa mita 2, haina mdomo wala tumbo. Inalishwa na bakteria wanaoishi ndani yake, na bakteria hao hupata nguvu kutokana na gesi inayonuka kama yai viza, harufu ileile inayokupokea Sempaya.