Mateka wa Vita na Uhuru wa Raia: Hoja za Maveterani wa Marekani

Tarehe 5 Oktoba 2005 Seneti ya Marekani ilipiga kura 90 kwa 9 kuunga mkono kifungu kinachokataza mtu yeyote aliye mikononi mwa serikali ya nchi hiyo, popote alipo, kutendewa ukatili, unyama au udhalilishaji. Ikulu haikukitaka. Aliyekipeleka bungeni ni John McCain, rubani wa Jeshi la Majini aliyetunguliwa Hanoi Oktoba 1967 katika Vita vya Vietnam na kushikiliwa miaka mitano na nusu.

Watu wengi hudhani hoja ya maveterani kuhusu mateka ni ya huruma. Huruma ipo, lakini ukisoma barua na ripoti zao utawakuta wakizungumzia zaidi utaratibu: huyu aliyekamatwa ni nani, nani ameamua kuwa ni adui, kwa ushahidi gani, na imeandikwa wapi. Maswali hayohayo ndiyo yanayomfika raia wa kawaida serikali inapoanza kuwaweka watu kizuizini kwa sababu ya vita. Kwa hiyo mambo haya mawili tutayaeleza pamoja.

Saa ya kwanza na lebo ya sehemu tatu

Askari wa miguu wa Marekani hufundishwa hatua tano za kumshughulikia mtu aliyekamatwa: kumpekua, kumnyamazisha, kumtenganisha na wenzake, kumwondoa haraka eneo la mapigano, na kumlinda. Kunyamazisha na kutenganisha kunazuia waliokamatwa kupanga maelezo ya pamoja au kupokea amri za maofisa wao. Kumwondoa haraka kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisheria: Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ibara ya 19, unataka mateka atolewe mahali pa hatari mapema iwezekanavyo. Ya pili kila mpiganaji anaijua: kikosi kilichompoteza mwenzao asubuhi hakipaswi kubaki na mateka hadi jioni. Kumlinda maana yake ni pamoja na kumlinda dhidi ya waliomkamata.

Kisha inakuja lebo, fomu namba DD 2745. Ina sehemu tatu: A hufungwa kwa mtu mwenyewe, B hubaki kwa kikosi kilichomkamata, C hufungwa kwenye mali yake. Huandikwa tarehe na saa, mahali, kikosi, na mazingira ya kukamatwa. Hilo la mwisho ndilo askari aliyechoka hulijaza kwa maneno mawili au kuliacha wazi, na ndipo matatizo yanapoanzia. Bila maelezo hayo, aliyekutwa na bunduki mkononi na aliyekuwa akipita njia wanafika kambini wakiwa sawa. Mhojaji hajui aulize nini. Ofisa anayepitia majalada hathubutu kumwachia mtu, maana hana karatasi ya kumtetea ikiwa amekosea. Mtu anakaa miezi.

Kukiwa na shaka juu ya hadhi ya aliyekamatwa, ibara ya 5 ya mkataba inataka ahesabiwe kuwa mateka wa vita hadi baraza lenye mamlaka liamue. Kanuni ya jeshi la Marekani, AR 190-8 ya 1997, inaeleza baraza hilo: maofisa watatu, mmoja angalau wa cheo cha meja au zaidi, mhusika ana haki ya kuhudhuria, kupewa mkalimani, kujieleza na kuita mashahidi wanaopatikana. Hukumu hufuata upande wenye ushahidi mzito zaidi. Wanaodai kwamba kazi hii haiwezekani vitani waangalie Vita vya Ghuba vya 1991. Jeshi liliendesha mabaraza 1,196 ya aina hiyo; 310 walitambuliwa kuwa mateka wa vita, na 886 waliobaki wakaonekana ni raia waliokimbia makazi yao. Yaani bila mabaraza, karibu watatu kati ya kila wanne wangefungwa kama askari adui.

Mwenyekiti wa wakuu wa majeshi wakati huo alikuwa Jenerali Colin Powell, veterani wa Vietnam. Januari 2002, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliandika ndani ya serikali akionya kwamba kutotumia Mikataba ya Geneva Afghanistan kungepindua sera ya zaidi ya karne moja na kudhoofisha kinga ya askari wa Marekani wenyewe watakapotekwa. Hakusikilizwa. Tarehe 7 Februari 2002 Rais aliamua kwa mkupuo kwamba wapiganaji wa Taliban hawakuwa mateka wa vita, bila kesi ya mtu mmoja mmoja kupita mbele ya baraza.

Waliofungwa Hanoi walikuwa na sababu ya kushtuka. Vietnam ya Kaskazini ilijiunga na mikataba hiyo 1957 ikiweka sharti kuhusu waliohukumiwa kwa uhalifu wa kivita. Baadaye ikawaita marubani wote wa Marekani wahalifu na kuwanyima hadhi ya mateka, ingawa hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani. Kuhukumu kundi zima kwa tamko moja ndiko kulikofungua mlango wa kamba, pingu na vyumba vya upweke.

Kinachopatikana kwa kuhoji, na kinachopatikana kwa kutesa

Ibara ya 17 ya Mkataba wa Tatu wa Geneva inamlazimisha mateka kutaja mambo manne tu: majina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jeshi. Haimkatazi mhojaji kuuliza zaidi. Inamkataza kutumia mateso au shuruti. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakadhani sheria imewafunga wahojaji midomo.

Meja Sherwood Moran wa Kikosi cha Marine, aliyekuwa mmisionari Japani kwa miaka mingi, aliandika mwongozo wake Julai 1943 baada ya kuhoji Wajapani kwenye kisiwa cha Guadalcanal katika Vita vya Pili vya Dunia. Alianza kwa kumuuliza mateka kuhusu jeraha lake na kama ametibiwa. Alisisitiza lugha nzuri na ujuzi wa utamaduni, na kuona kuwa walinzi wenye silaha wakimsimamia mateka humkumbusha tu kwamba yuko mbele ya adui. Ngome ya Fort Hunt, Virginia, ilipitisha zaidi ya mateka 3,400, wengi wao Wajerumani wakiwemo maofisa wa nyambizi na wanasayansi. Wahojaji wake walikula kiapo cha siri na wakanyamaza kwa miongo. Walipoenziwa hadharani 2007, kadhaa wao walikosoa waziwazi yaliyokuwa yakifanyika Iraq na Guantánamo, gereza la kijeshi la Marekani lililo Cuba. Mmoja alisema mchezo wa chesi uliwapatia kwa jenerali wa Kijerumani zaidi ya mateso yanavyowapatia wa sasa. Tusiwapake rangi nyeupe kupita kiasi, hata hivyo. Fort Hunt ilificha vipaza sauti vyumbani, na ilichelewa kuwaarifu Msalaba Mwekundu waliokuwamo.

Mjerumani Hanns Scharff alikuwa akihoji marubani wa Marekani huko Oberursel, Ujerumani. Njia yake ilikuwa kujifanya anajua yote tayari. Aliwahi kutaka kujua kwa nini risasi za alama, zile zinazoacha mstari wa mwanga, za ndege za Marekani zilibadilika kutoka nyekundu kuwa nyeupe. Hakuuliza. Akamwambia rubani, katika mazungumzo ya kawaida, kwamba bila shaka Wamarekani wameishiwa kemikali ya nyekundu. Rubani akamsahihisha: nyeupe inamwonyesha rubani kwamba risasi zinakaribia kwisha. Kijana huyo hakujua kama ametoa siri. Baada ya vita Scharff alihamia Marekani, na Jeshi la Anga likamwalika kueleza mbinu zake.

Upande wa pili upo ushahidi wa waliotendwa. McCain alisimulia kwamba alipobanwa ataje marubani wa kikosi chake, alitaja majina ya wachezaji wa mstari wa mbele wa timu ya Green Bay Packers, na waliomtesa wakaridhika. Anayeumizwa hutafuta jibu litakalosimamisha maumivu, na jibu hilo si lazima liwe kweli.

Vita vya Korea viliacha somo kubwa zaidi. Marubani wa Marekani waliotekwa walikiri mbele ya dunia kwamba walidondosha silaha za vijidudu, baada ya kunyimwa usingizi, kusimamishwa muda mrefu na kutengwa. Jeshi la Anga lilichunguza mbinu hizo, na 1957 uchambuzi wake ukachapishwa ukiwa na jedwali la njia za kumvunja mtu hadi akiri uongo. Jeshi likajenga mafunzo ya kuhimili mbinu hizo, yanayojulikana kwa kifupi SERE. Halafu Desemba 2002 wakufunzi walifika Guantánamo na kufundisha wahojaji kwa jedwali lilelile, likiwa limenakiliwa karibu neno kwa neno. Zana iliyotengenezwa kueleza jinsi uongo unavyozalishwa ikatumika kutafuta ukweli. Ni vigumu kupata kosa la kitaalamu lililo wazi kuliko hilo.

Ripoti ya Meja Jenerali Antonio Taguba kuhusu gereza la Abu Ghraib nchini Iraq, 2004, inafaa kusomwa kama orodha ya ukaguzi. Polisi wa jeshi, ambao kazi yao ni ulinzi, walitumiwa kuwalainisha wafungwa kabla ya mahojiano. Hawakufundishwa Mikataba ya Geneva, na nakala haikubandikwa kwa lugha ya wafungwa kama ibara ya 41 inavyodai. Wapo wafungwa waliohamishwahamishwa ndani ya gereza ili wajumbe wa Msalaba Mwekundu wasiwaone. Mtu asiyeandikwa popote ndiye aliye rahisi kuliko wote kuumizwa.

Kapteni Ian Fishback, aliyetumikia Afghanistan na Iraq, alimwandikia McCain Septemba 2005 akieleza kwamba kwa miezi 17 aliomba kwa wakubwa wake kanuni zilizo wazi na hakuzipata. Kura ya 90 kwa 9 ilifuata wiki chache baadaye. Mwongozo wa mahojiano wa jeshi wa 2006 kisha ukataja kwa majina yaliyokatazwa: kumvua mtu nguo, kumfunika kichwa kwa mfuko, kumpiga au kumtia umeme, kumwagia maji ili ahisi anazama, mbwa, baridi au joto la kudhuru, kujifanya unamuua, na kumnyima chakula, maji au tiba. Sheria ya 2005 iliyobeba kifungu cha McCain ilifunga wizara ya ulinzi kwenye mwongozo huo lakini ikaliacha shirika la ujasusi la CIA nje. Amri ya Rais ya Januari 2009 iliziba pengo, na sheria ya Novemba 2015 ikalizuia lisifunguliwe kwa amri nyingine. Wahojaji wastaafu bado wanalalamikia kiambatisho M cha mwongozo, kinachoruhusu kutengwa na kuhakikisha saa nne tu za usingizi kwa siku.

Raia anapowekwa kwenye fungu

Januari 1942 ofisa wa ujasusi wa Jeshi la Majini, Luteni Kamanda Kenneth Ringle, aliyewafahamu vizuri Wajapani wa California, alishauri kwamba suala lao lishughulikiwe mtu kwa mtu, si kwa misingi ya asili yao. Tarehe 19 Februari Rais Roosevelt alisaini Amri 9066, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, theluthi mbili yao raia wa Marekani, wakahamishiwa kambini bila kusikilizwa. Mwaka uliofuata wakapewa dodoso la uaminifu. Swali la 27 liliuliza kama uko tayari kupigana. La 28 kama unaapa utii kwa Marekani na kumkana mfalme wa Japani. Wazazi waliozaliwa Japani walizuiwa na sheria kupata uraia wa Marekani, kwa hiyo kujibu ndiyo kungewaacha bila nchi. Kwa vijana, kumkana mfalme ambaye hawakuwahi kumtii kulionekana kama kukiri kosa. Waliojibu hapana mara mbili walipelekwa kambi ya Tule Lake.

Wengine waliingia Kikosi cha 442, kilichopigana Italia na Ufaransa. Daniel Inouye, mmoja wao, alipoteza mkono wa kulia Italia Aprili 1945. Yeye na Spark Matsunaga, veterani mwenzake, walipofika bungeni hawakuishia kwenye hotuba za kumbukumbu. Walisaidia kupitisha sheria ya 1971 inayokataza raia kuzuiliwa isipokuwa kwa sheria ya Bunge, kisha sheria ya 1988 iliyoomba radhi na kumlipa kila aliyenusurika dola 20,000.

Sheria ya 1971 ilipimwa katika kesi ya Hamdi, raia wa Marekani aliyekamatwa Afghanistan 2001. Juni 2004 Mahakama ya Juu iliona kwamba idhini ya Bunge ya kutumia nguvu ilitosha kumshikilia, ila lazima aelezwe msingi wa madai na apate nafasi ya kuyapinga mbele ya mwamuzi asiyeegemea upande. Maoni hayo yalirejea kanuni ya AR 190-8. Jaji John Paul Stevens, aliyetumikia ujasusi wa Jeshi la Majini katika Vita vya Pili vya Dunia, aliungana na Antonin Scalia kuona hata hiyo haitoshi: raia ashtakiwe au aachiwe, isipokuwa Bunge lisimamishe haki ya kupinga kifungo mahakamani. Miezi michache baadaye Hamdi alipelekwa Saudi Arabia bila kushtakiwa, baada ya kukubali kuuacha uraia wake.

Hawasemi kwa sauti moja

Wapo waliofungwa Hanoi pamoja na McCain waliompinga hadharani kuhusu mbinu kali za mahojiano. Kuhusu uhuru wa raia mgawanyiko ni mkubwa zaidi. Pendekezo la kubadili Katiba ili kuadhibu uchomaji bendera lilishindwa Seneti Juni 2006 kwa kura moja, 66 kwa 34, maana lilihitaji theluthi mbili, yaani 67. Chama cha maveterani cha American Legion kililipigania. McCain alilipigia kura ya ndiyo, Inouye ya hapana. Powell alikuwa ameandika tangu 1999 kwamba hatagusa Katiba kwa ajili ya wakorofi wachache.

Kwa hiyo unapopima kauli ya veterani, tafuta alifanya kazi gani na mwaka gani. Rubani aliyetekwa, mlinzi wa gereza, mhojaji na wakili wa jeshi wameona vitu tofauti. Tarehe nazo ni muhimu: makao makuu Iraq yalitoa kanuni za mahojiano Septemba 2003, yakazibadilisha Oktoba. Watu wawili waliohoji katika gereza moja kwa miezi inayofuatana wanaweza kutoa ushahidi unaopingana kuhusu kilichoruhusiwa, na wote wawili wakawa wanasema kweli.