Masaibu ya utotoni, na jinsi yanavyomfikia mtoto wa mama aliyezaa angali msichana

Masaibu ya utotoni, kwa maana inayotumiwa na watafiti wa afya, si kila shida aliyoipata mtu akiwa mdogo. Ni mambo mazito yaliyompata kabla hajatimiza miaka 18, hasa ndani ya nyumba aliyolelewa: kupigwa hadi kuumia, kudhalilishwa kwa maneno, kunajisiwa, kutelekezwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi au mtumiaji wa dawa za kulevya, kuishi na mtu mwenye maradhi ya akili, wazazi kuachana, au mmoja wa watu wa nyumbani kufungwa jela. Kila aina huhesabiwa kuwa alama moja, na alama hizo hujumlishwa. Ni hesabu kavu, kwa kweli, kwani aliyejeruhiwa kwa kipigo mara moja na aliyejeruhiwa kila juma huweza kupata alama ileile.

Dhana hii ilipata umbo lake San Diego, Marekani. Katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti alikuwa akisimamia kliniki ya watu wenye unene uliokithiri, akashangaa kuona kwamba waliokuwa wakipungua vizuri ndio waliokuwa wakiacha matibabu. Alipowahoji, wengi walimweleza kwamba walinajisiwa utotoni. Baadaye yeye na Robert Anda, mtaalamu wa magonjwa ya jamii, waliongoza utafiti uliokusanya majibu ya watu zaidi ya 17,000 kati ya mwaka 1995 na 1997. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 1998, yalionyesha kwamba alama zilivyozidi ndivyo ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na majaribio ya kujiua yalivyozidi.

Kwa habari ya mama vijana, uchambuzi wenye uzito zaidi ulichapishwa mwaka 2004 kutokana na majibu ya wanawake zaidi ya 9,000 wa utafiti huohuo. Miongoni mwa wale wasio na alama hata moja, asilimia 16 walikuwa wamepata mimba wakiwa vijana. Miongoni mwa wenye alama saba au nane, walikuwa asilimia 53. Lakini jambo ninaloliona kubwa zaidi ni jingine. Watafiti walipotazama matatizo ya ukubwani, yaani ugomvi wa kifamilia, shida za fedha na kazi, msongo na hasira zisizozuilika, waliona kwamba mimba ya ujana pekee, pasipo masaibu yaliyoitangulia, haikuongeza matatizo hayo. Kwa muda mrefu mimba ilikuwa ikibebeshwa lawama ya mambo yaliyoanza miaka kadhaa kabla yake.

Matumizi ya vilevi huingia hapohapo katikati. Msichana aliyeumizwa nyumbani mara nyingi huanza mapema kuvuta sigara, kunywa au kutumia bangi, kwa sababu vitu hivyo humtuliza kwa saa chache, na pengine kwa sababu vimekuwapo nyumbani tangu azaliwe. Akishika mimba, huenda asiitambue mapema, au akaitambua na kuificha. Viungo vya mtoto huanza kuumbika katika majuma nane ya kwanza, hivyo kipindi hicho huweza kupita chote huku mama akiendelea kunywa. Pombe hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na huweza kuudhuru ubongo wake kwa namna isiyorekebishika. Madhara hayo yalielezwa na madaktari wa Seattle mwaka 1973, ingawa Paul Lemoine wa Ufaransa aliyaandika mwaka 1968 bila kusikilizwa sana. Sigara nayo hupunguza hewa ya oksijeni inayomfikia mtoto, naye huzaliwa na uzito mdogo.

Hiyo ni njia ya kwanza ambayo masaibu ya mama humfikia mtoto. Njia ya pili haipiti tumboni. Mama aliyelewa au aliyezama katika sonona huchelewa kuitikia kilio cha mtoto, na mtoto mchanga hujifunza kutulia kwa kutulizwa. Ya tatu ni nyumba yenyewe: mama kijana asiye na kipato mara nyingi hulea mtoto wake palepale alipoumizwa yeye, pamoja na walewale. Hapo mjukuu huanza kuhesabu alama zake mwenyewe, ya kwanza ikiwa kuishi na mtumiaji wa vilevi.

Husemwa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hiyo haifai hapa, kwa kuwa njia hizo hukatika. Huko Elmira, New York, katika utafiti wa David Olds ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, wauguzi waliwatembelea nyumbani wanawake wenye mimba ya kwanza, wengi wao wakiwa vijana, maskini au wasioolewa, hadi mtoto alipofikisha miaka miwili. Watoto hao walipofikisha miaka 15, taarifa za watoto kuteswa au kutelekezwa zilikuwa chache zaidi katika familia hizo kuliko katika zile ambazo hazikutembelewa. Anda naye ameonya kwamba alama hizi hueleza hali ya makundi ya watu, wala hazifai kumtabiria mtu mmoja maisha yake.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Tangu Novemba 2021 wanafunzi waliopata mimba wanaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Kliniki ya wajawazito ndipo mahali ambapo habari za nyumbani na za vilevi zingeweza kuulizwa mapema, ila inategemea zinavyoulizwa. Binti wa miaka 16 aliyepokewa kwa karipio, tena mbele ya foleni, atajibu kwamba hanywi wala havuti, na kadi yake itaandikwa hivyo.