Nimezitazama kwa masikio: filamu za sebuleni Kigoma

Mtazamaji wa kwetu ni mwepesi wa kusamehe picha. Mpe filamu iliyofifia, iliyokatwa pembeni, yenye kivuli cha mtu anayekatiza mbele ya kamera, ataitazama hadi mwisho na kesho atakusimulia. Lakini sauti ikianza kukwaruza, au maneno yasipokamatika, dakika kumi hazipiti ameshatoa simu mfukoni. Muulize kulikoni, atakwambia stori inachosha. Mara nyingi stori haina kosa lolote, ni masikio ndiyo yaliyochoka.

Mimi ni fundi sauti. Hapa Kigoma kazi hiyo maana yake ni kwaya, harusi, matangazo ya redio, na mara mojamoja filamu fupi ya vijana wenye kamera nzuri na maiki ya kuazima. Msimu huu wa mvua jioni nyingi zimetukuta sebuleni, Mwanga, mimi na familia, umeme ukituruhusu. Tumetazama filamu mbili zinazogusa upande wetu huu wa nchi na moja ya Unguja. Maoni yangu ni haya, na yanaegemea upande mmoja tu: nitasema nilichosikia kuliko nilichoona.

Ya kwanza ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston. Humphrey Bogart alipata kwayo tuzo yake pekee ya Oscar, na pembeni yake yupo Katharine Hepburn. Wazee wa Kigoma wanaitaja hii kwa sababu moja, Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika iliyowahi kuwa ya Wajerumani. Kisa kinatoka kwenye riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, kuhusu nahodha mlevi na mmisionari wa kike wanaoteremka mto kwa boti mbovu mwaka 1914, wakitaka kuzamisha meli ya kivita ya Wajerumani iliyoko ziwani. Watoto walikaa mkao wa kula wakingoja kuiona Liemba. Haimo. Filamu ilipigwa Kongo na Uganda, na sehemu nyingine studio, Uingereza.

Meli yetu iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi huku, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe upande wa mdomo wa Malagarasi, mashine zikiwa zimepakwa grisi zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwenye filamu meli inalipuliwa kwa kishindo kikubwa. Kishindo hicho hakikuwahi kusikika Kigoma, na nadhani ndiyo maana mzee wangu mmoja wa Ujiji huwa anasema sinema ile ni ya uongo wote.

Mimi siendi huko. Nasema ni filamu ya sauti kuliko watu wanavyodhani, na uzuri wake na ubaya wake vyote viko masikioni.

Tuanze na ubaya. Mwanzoni tumo kanisani. Hepburn anapiga kinanda, kaka yake mchungaji anaimba kwa bidii zote, na waumini Waafrika waliojaa humo ndani wanatoa mlio usio na tuni, kila mtu na lake, kama vile hawajawahi kusikia wimbo maishani. Kisha honi ya mvuke ya ile boti inapenya katikati ya tenzi na kuuvunja kabisa. Kiufundi ni kazi safi: sauti tatu zinagombania nafasi, na kabla mtu hajasema neno umeshajua nani ni nani na nani atamvuruga nani. Lakini mtu aliyekaa hata Jumapili moja kwenye kanisa lolote la mkoa huu anajua hiyo ni dhihaka. Ninarekodi kwaya. Watu wa huku wakipewa wimbo mgeni, kabla ubeti wa pili haujaisha sauti ya pili na ya tatu zimeshajipanga zenyewe, bila mwalimu. Aliyeamua wasikike vile alikuwa anataka watu wacheke, na vicheko alivipata kwa gharama yetu. Mama aliangalia kipande kile kimya, akauliza tu, "Hawa wamefundishwa na nani?"

Uzuri wake sasa. Mara baada ya ibada mchungaji anamkaribisha nahodha chai. Meza imetandikwa vizuri, vikombe vinagongana kidogo, mazungumzo ya heshima heshima, halafu tumbo la Bogart linanguruma. Wote watatu wanajifanya hawajasikia. Linanguruma tena. Mama hajui Kiingereza, na hapo ndipo alipocheka kuliko sisi wote. Sikiliza kilichofanywa: hakuna muziki chini yake. Huston angeweka muziki hata kidogo tu, kichekesho kingekufa, maana sikio lingepewa mahali pa kukimbilia. Ukimya unatubana mezani pamoja nao. Wahariri wetu wengi wangeweka pale kinanda cha "tiriri tiriri" kutukumbusha kwamba ni wakati wa kucheka.

Halafu kuna mashine ya boti. Aliyepanda mtumbwi wa injini kutoka Kibirizi anajua kwamba safarini hamuongei, mnapigiana kelele. Ndani ya filamu Bogart na Hepburn wanaongea kwa raha zao saa nzima na mashine inakohoa pembeni. Hiyo si bahati. Mchanganyaji anaipandisha mashine watu wakinyamaza, na mdomo ukifunguka anaishusha taratibu. Akili yako imeshahamia kwenye maneno, kwa hiyo huioni hila. Mimi nimewahi kuwafunga waigizaji maiki ndogo za kifuani ndani ya boti, na nilichopata ni injini yenye watu wanaonong'ona kwa mbali. Dawa ni kurekodi mazungumzo injini imezimwa, kurekodi injini peke yake, kisha kuvioanisha mezani. Vijana wakiambiwa hivyo wanaona unawapotezea muda.

Filamu ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi. Jane, ya Brett Morgen, ilitoka mwaka 2017. Ni Gombe yetu, msitu wa sokwe kando ya ziwa, miaka ya 1960. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960 akiwa na mama yake, na mwaka 1962 National Geographic wakamtuma Hugo van Lawick kumpiga picha za filamu. Mikanda yake ya milimita 16, zaidi ya saa 100, ilikaa kwenye ghala miaka na miaka, na hiyo ndiyo iliyotengenezewa filamu hii. Rangi zake zitakufanya utamani kuamka alfajiri uende Kibirizi ukapande boti.

Sasa jambo ambalo sebule nzima haikuliamini nilipolisema: mikanda ile ilikuwa bubu. Van Lawick alipiga picha tu. Kila jani linalokanyagwa, kila mdudu wa usiku, kila sokwe anayepiga kelele humo ndani, kimetengenezwa miongo mitano baadaye na watu waliokaa kwenye viti vya studio. David Greybeard, yule sokwe mwenye ndevu za mvi, anayechokonoa mchwa kwa kijiti cha nyasi, sauti unayoisikia si yake. Mlio wa sokwe unaanzia chini, pumzi ndani pumzi nje, unaongeza kasi, mpaka unapasuka kuwa ukelele, na kila sokwe ana wake ambao wenzake wanamtambua kwao. Wa Greybeard alikwenda nao.

Je, ni udanganyifu? Kwangu hapana. Kazi imefanywa kwa adabu: vishindo vinakaa mahali pake, umbali unasikika, sokwe aliye ng'ambo ya bonde anasikika ng'ambo ya bonde. Hata mawimbi. Jamani, mawimbi! Kosa linaloniudhi kuliko yote kwenye video za huku ni mtu kuchukua sauti ya bahari mtandaoni na kuibandika kwenye Ziwa Tanganyika. Wimbi la bahari linakuja kwa mvumo mrefu, linajivuta, linapumzika. La ziwa ni fupi na lina haraka, linapiga kokoto kabla la kwanza halijarudi vizuri. Mvuvi wa Katonga hawezi kukueleza kwa nini video yako ina kasoro, lakini atakwambia haimuingii.

Ninalolilalamikia kwenye Jane ni mambo mawili. Muziki wa Philip Glass ni mzuri, tena mzuri mno, na hautoki. Pale ambapo msitu ungetosha, vinanda vinajazana, na mtu aliyewahi kulala Gombe anajua kwamba jambo kubwa la kule usiku ni jinsi kulivyo na nafasi kati ya sauti moja na nyingine. La pili ni zito zaidi. Sokwe wametafutiwa sauti kwa gharama kubwa, lakini wenyeji wanaopita kwenye picha, waendesha boti na wasaidizi wa kambi, wamebaki bubu vilevile walivyokuwa kwenye mkanda. Masimulizi ni ya Goodall mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Neno la Kiswahili linalosikika kwa mbali, "sogea huko", "maji yamechemka", lingegharimu nini?

Ya tatu nitaisema kwa kifupi kwa sababu nyote mnaijua au mnajua kitabu chake. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021, na Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, ya pili baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Wengi wameisifia picha. Nami nasifia kwamba Yasmin na Denge wakinong'ona unawasikia, na taarabu ikiingia inaingia kama sehemu ya mji, haijabandikwa juu kuziba viraka.

Viraka ndilo tatizo letu kubwa la filamu za nyumbani. Mtu anarekodi kwa maiki iliyo juu ya kamera, kamera iko mita tatu, chumba kina vigae na dari tupu bila pazia. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya mdomo inapungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ila mwangwi wa chumba unabaki palepale. Ndiyo ile sauti ya "wameongelea kisimani". Kisha mhariri anakata kipande hiki na kile, na kila akikata, mvumo wa nyuma unaruka: mara feni, mara jenereta, mara kimya. Anatafuta muziki wa kufunika, anaupandisha, na sasa hata maneno yaliyokuwa yanasikika hayasikiki. Nusu dakika ya kurekodi chumba kikiwa kimya, watu wote wametulia, ingemwokoa. Hakuna anayekupa hiyo nusu dakika. Mwongozaji ana njaa, waigizaji wana bodaboda inangoja nje.

Sasa, kabla hujailaumu filamu, angalia na runinga yako. Runinga hizi bapa spika zake zimeelekezwa chini au nyuma, yaani zinaongea na ukuta. Filamu kubwa zinachanganywa kwa spika sita, na maneno karibu yote hupelekwa kwenye spika ya kati. King'amuzi au kompyuta yako ikiamini kwamba unazo zote sita wakati unazo mbili, ile ya kati inapotea njiani, ndipo unapoongeza sauti usikie maneno, mara bomu linalipuka na mtoto anaamka. Ingia kwenye mpangilio wa sauti, chagua stirio au PCM, yaani sauti ya spika mbili. Na sabufa itoe kwenye kona. Kona inakuza mdundo mpaka unameza sauti za wanaume wote. Mkeka mmoja mzito ukutani unafanya kazi kuliko spika mpya, ingawa mke wangu hajaukubali.

Mama ameniomba nimtafsirie The African Queen, imtoke kwa Kiswahili kama walivyokuwa wakifanya kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, tangu enzi za Lufufu, yule msimulizi wa filamu. Nimejaribu mwanzo wake. Tamthilia za Kituruki zinazoingizwa Kiswahili zinakuja na muziki na vishindo kwenye mkanda wao tofauti, kwa hiyo unatoa maneno unaweka ya kwako, mengine yanabaki. Filamu ya 1951 ninayo kama ilivyo, kila kitu kimeshonwa pamoja kwenye njia moja. Nikishusha Kiingereza, nashusha na mashine ya boti na lile tumbo. Nimeamua pale mezani nitanyamaza, tumbo lijisemee lenyewe. Na kanisani, badala ya kutafsiri, nina rekodi ya kwaya ya hapahapa Gungu wakiimba tenzi, sauti zote nne zimo. Nitaiingiza hiyo.