Kusoma kabla ya herufi: nini maana ya stadi za awali za kusoma?

Mtoto wa miaka miwili kashika kitabu kichwa chini miguu juu. Anafunua ukurasa, anabwabwaja kitu kisichoeleweka, anafunua mwingine. Tunasema anachezea kitabu. Wataalamu wa malezi wanasema ameshaanza kusoma.

Stadi za awali za kusoma ni yale yote mtoto anayoyajua kuhusu lugha na maandishi kabla hajaweza kusoma maneno mwenyewe. Anajua kwamba kitabu hufunuliwa na kwamba picha ya paka huitwa paka. Anajua pia kuwa maneno yanaweza kuimbwa na kuchezewa. Dhana hii ilipata nguvu kutokana na kazi ya Marie Clay wa New Zealand, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1966 kuhusu watoto wanaoanza kusoma. Tangu hapo imezidi kueleweka kwamba kusoma hakusubiri siku mwalimu atakapoandika a, e, i, o, u ubaoni. Kunachipuka nyumbani, ndani ya mazungumzo.

Hapo kwenye mazungumzo ndipo wengi wetu tunapopotea. Mzazi akiambiwa amwanzishie mtoto kusoma, hukimbilia kununua chati ya herufi, akaibandika ukutani na kuanza kumkaririsha. Mtoto atakariri, sikatai. Lakini umri huo kiu yake ni maneno mengi, na mtu wa kujibizana naye.

Mtazame bibi mmoja kibarazani, na mjukuu wake mapajani. Mkononi ana kalenda ya mwaka jana yenye picha za wanyama.

"Mume wangu, huyu nani?"

"Mbombe."

"Ehe, ng'ombe. Ng'ombe anafanya nini?"

"Kula jani."

"Anakula majani! Na ng'ombe wa babu je, anakula nini?"

Bibi huyu hajui kusoma, na hapo kafanya mambo makubwa matatu. Ameuliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana. Hakumkaripia mtoto kwa "mbombe" wala "kula jani"; amemrudishia maneno yaleyale yakiwa yamekamilika. Kisha ameitoa picha kwenye karatasi na kuipeleka zizini, kwa ng'ombe ambaye mtoto anamjua.

Hilo la pili lina uzito wa pekee katika Kiswahili, kwa sababu kitenzi chetu hubeba mzigo mbele yake. Katika "anakula", a- ni mtendaji na -na- ni wakati. Mtafiti Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, alionyesha kuwa wadogo huviacha mara nyingi viambishi hivyo vya mbele, wakabaki na mzizi na mwisho wake: "taka" badala ya "nataka". Ni hatua ya kawaida ya kukua. Kila "kula" inaporudi kwake ikiwa "anakula", mtoto anasikia kipande alichokiacha, tena papo hapo, akili yake ikiwa bado iko kwenye jambo lilelile.

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walilipima jambo hili kwa watoto wa kati ya miezi 21 na 35. Wazazi wote waliwasomea watoto vitabu vya picha, ila kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali ya wazi na kuyapanua majibu ya mtoto. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi hilo waliwatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza. Kusoma walisomewa wote. Tofauti ilikuwa nani anapewa nafasi ya kusema.

Kwa hiyo lugha ya kutumia ni ile inayokutoka bila kutafuta maneno, kiwe Kiswahili, Kisukuma au Kikamba. Kiingereza cha kuungaunga kinafupisha mazungumzo, na mtoto ndiye anayepunjika. Kama kitabu hakuna, tumia pakiti ya majani ya chai, kanga yenye picha ya korosho, nyimbo za kubembeleza. Kupiga makofi kwa silabi (nde-ge, ku-ku, ma-che-nza) kunamzoesha sikio kugawa neno, na silabi hizohizo ndizo atakazokutana nazo darasa la kwanza. Mwenye simu atapata bure hadithi fupi za picha kwenye tovuti ya African Storybook, zikiwemo za Kiswahili. Muhimu uishike wewe na kuzungumza naye, usimwachie peke yake.

Halafu jiandae kurudia. Mtoto atakuletea kalenda ileile, picha ileile, leo, kesho na kesho kutwa, mpaka uchoke wewe. Usimbadilishie. Siku moja utafunua ukurasa wa ng'ombe, na kabla hujafungua mdomo utamsikia: "Anakula majani."