Siku 21 za kujenga mazoea? Hesabu hiyo ina kasoro

Wengi hukata tamaa siku ya 22. Waliambiwa siku 21 zinatosha kujenga mazoea, lakini kuamka alfajiri kukimbia bado ni vita. Basi wanajiona wavivu. Hesabu hiyo ilitokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Angalau! Neno hilo likadondoka njiani. Watafiti wa University College London walipopima mazoea yenyewe, wastani ulikuwa siku 66: aliyezoea haraka zaidi alihitaji 18, na wa mwisho alikadiriwa kuhitaji 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi kuliko mazoezi ya viungo. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu, kwa hiyo viatu viache palepale mlangoni.