Ukienda ziwani Kyeshero, angalia unapotandika kitenge

Jumapili baada ya misa, watu wa Goma huteremka Ziwa Kivu kwa wingi, kuanzia Himbi hadi Kyeshero na mbele kuelekea Bulengo. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, zinakaangwa na kuliwa zingali moto, kwa ndimu na pilipili, na watoto wanaelea wakiwa wamekumbatia mabidoni ya njano. Mimi kazi yangu ni kupima gesi, na wakishajua hivyo huniuliza swali moja: ziwa hili halitalipuka tukiwa ndani?

Wana haki ya kuuliza. Ziwa Kivu limebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Ila sehemu kubwa ya gesi hiyo imelala chini sana, kuanzia kina cha mita 260 hivi, na ziwa lina kina cha mita 485. Maji ya huko yana chumvi nyingi, ni mazito, hayapandi kuchanganyika na ya juu, na mgandamizo wa maji yaliyo juu yake unaizuia gesi isitoke povu. Anayeogelea yumo katika maji mengine kabisa, yale yanayopigwa na upepo na kuwalea sambaza. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilikata mji ikaingia ziwani, na bado matabaka ya chini hayakutibuka. Hatari ipo, sitaificha: mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilitoa gesi ikaua watu wapatao 1,700. Kwetu, sehemu ya kuangaliwa zaidi ni ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, ambako maji yenye gesi nyingi yanaanza kwenye kina cha mita 12 hivi tu.

Lakini familia iliyokaa ufukweni inaangalia mbele, na mimi nawaomba wageuke nyuma. Huko nyuma, nchi kavu, kuna mazuku, gesi inayoua, nayo hayatoki kilindini mwa ziwa. Ni kaboni dioksidi inayopenya kwenye nyufa za lava ya zamani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inatafuta bonde dogo na kutulia humo. Kyeshero, Bulengo, Mugunga na kandokando ya Lac Vert kuna mabonde ya namna hiyo, mengine hayazidi kimo cha mtu. Usiku na alfajiri, hewa ikiwa baridi na upepo umelala, yanajaa. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma, gesi hutawanyika, ingawa bonde lenye kuta ndefu linaweza kubaki nayo mchana kutwa.

Haina rangi, na pua haikuonyi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri kabisa huku mtoto aliyeketi miguuni pake anazidiwa. Kwa hiyo tandika kitenge mahali palipoinuka, penye upepo. Ukiona ndege, mijusi au wadudu wamekufa shimoni, ondoka na watoto wako papo hapo. Usiwashe kiberiti kujaribu: moto ukizimika, hewa ya hapo imekwisha kuwa mbaya na wewe umo ndani. Mwenzako akianguka bondeni, usimfuate mbio. Anayekwenda kuokoa huanguka juu ya yule wa kwanza. Ita watu, tafuta kamba, mvute ukiwa juu.

Kuhusu kuogelea, neno ni fupi. Pwani yetu ni mawe ya lava, sehemu nyingi inakatika ghafla, na hatua moja inakutoa kwenye maji ya magoti hadi mahali usipogusa chini. Bidoni linateleza mkononi. Mtoto avae gileti, koti la kuelea majini.

Na nyinyi wenye viwanja vya plaji, mnaoyajua mabonde yenu kuliko sisi: zungushieni uzio, wekeni kibao kwa Kiswahili, tena kabla ya kiangazi, wageni wanapokuwa wengi.